Usimwambie mgonjwa ‘kila jambo lina sababu yake’

Kama umewahi kulazwa au kumuuguza mtu wako, maneno haya umeyasikia. Mgeni anaingia wodini saa ya kuona wagonjwa akiwa na machungwa kwenye mfuko, anakaa ukingoni mwa kitanda, anauliza hali, anajibiwa, kisha kimya kinamlemea. Hapo ndipo anaposema, “Usijali, kila jambo lina sababu yake.” Mwingine atasema Mungu hampi mja wake mzigo asioweza kuubeba. Wa tatu atakukumbusha kwamba kitanda cha pili yupo aliye na hali mbaya kuliko yako. Wote wamekuja kwa nia njema, na nauli wametumia. Lakini wakishaondoka, mara nyingi mgonjwa hugeukia ukuta.

Siwadharau wageni. Kumjulia mgonjwa hali ni desturi njema na tuendelee nayo. Ninachotaka kusema wiki hii ni kwamba ipo tiba ya mazungumzo iliyojengwa juu ya swali hilohilo ambalo wageni wetu hulijibu kwa haraka: mtu anayeteseka, na ambaye mateso yake hayaondoki, anaweza kupata maana ya kuishi? Jibu langu ni ndiyo, ila kwa masharti, na masharti hayo ndiyo tunayoyaruka tukiwa pale kitandani.

Mwanzilishi wa tiba hiyo ni Dk. Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu wa jiji la Vienna, Austria, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1997. Aliiita logotherapia, yaani tiba inayopitia maana. Wengi wanaomfahamu wanamfahamu kwa habari ya kambi za mateso za Manazi, na nitafika huko. Ila wazazi ningependa waanze naye mapema zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kabla hata hajawa daktari, Frankl alisimamia uanzishwaji wa vituo vya ushauri kwa vijana, ambako kijana aliingia bila kulipa chochote. Msimu uliomtia hofu ni ule wa kutolewa ripoti za shule, kwa kuwa wapo waliokuwa wakijiua baada ya kuona alama zao. Mwaka 1930 aliandaa huduma maalumu kwa kipindi hicho tu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa Vienna ikapita msimu wa ripoti bila mwanafunzi kujiua. Mzazi unayesubiri matokeo ya kidato cha nne unaelewa kwa nini nimeanza na habari hii. Kijana aliyefeli huwa hasikii alama peke yake. Anasikia kwamba hana tena nafasi duniani, na mara nyingi sauti anayoisikia ni ya nyumbani kwake.

Miaka michache baadaye, ajira zilipokuwa zimeporomoka, alikutana na vijana wasio na kazi waliokuwa wamezama katika huzuni. Aligundua kwamba wamefunga hesabu vibaya: sina kazi, kwa hiyo sina faida, kwa hiyo maisha yangu hayana maana. Akawashawishi wajitolee kwenye maktaba na vyama vya vijana, kazi zisizolipwa hata senti. Njaa ilibaki palepale, lakini wengi walianza kupata nafuu ya moyo. Naipenda habari hii kwa sababu haina ushujaa wowote. Hakuna aliyeponywa na maneno mazuri. Mtu alipewa mahali pa kwenda asubuhi na watu waliomhitaji.

Kisha vita vikaja. Frankl alikuwa Myahudi. Mwaka 1941 alipata viza ya kwenda Marekani, akaiacha ipite kwa kuwa wazazi wake wazee wangebaki bila kinga. Septemba 1942 alichukuliwa pamoja nao na mkewe, wakapelekwa Theresienstadt. Baba yake alifia huko. Mwaka 1944 Frankl alipelekwa Auschwitz, kisha kwenye kambi ndogo zilizokuwa chini ya Dachau. Mama yake na kaka yake walikufa Auschwitz, na mkewe, Tilly, alifia Bergen-Belsen. Yeye aliokolewa na majeshi ya Marekani mwezi Aprili 1945, akarudi Vienna, na huko ndiko alikojua kwamba mke hayupo. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu kambi hizo, alichokisema kwa mdomo huku kikiandikwa, kwa siku tisa.

Kitabu hicho kimesomwa duniani kote, na hapo ndipo upotoshaji ulipoanzia. Leo utapokea kwenye simu picha ya machweo yenye jina lake na maneno ya kukuambia mateso ni zawadi. Frankl hakufundisha hivyo. Kwanza, mawazo yake hayakuzaliwa kambini. Aliingia Auschwitz akiwa na muswada wa kitabu ameushonea ndani ya koti, na ukapotea koti lilipochukuliwa. Pili, hakudai kwamba waliotoka hai walikuwa na maana ya kuishi kuliko waliokufa. Alijua fika kwamba kupona kule kulikuwa bahati kwa sehemu kubwa, na aliandika waziwazi kwamba wale walio bora kati yao hawakurudi. Tatu, na hili ningeomba ulikate ulibandike ukutani, alisema mateso yanayoweza kuzuilika ni lazima yazuiwe. Kuyavumilia pasipo haja hakukuwa ushujaa kwake. Alikuona kuwa ni kujitesa tu.

Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo nchi zetu zinapoumia. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Mtoto huanza kulia usiku, mikono na miguu imevimba, mifupa inamuuma, na mama anaambiwa na majirani kwamba huo ni mtihani wake, autulize moyo. Sasa, wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kumpata mtoto mgonjwa. Hilo huwezi kulirudisha nyuma. Lakini kuna dawa iitwayo haidroksiurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto wapatao 600, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walipoitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, waliugua malaria kidogo zaidi, na vifo vilipungua. Mama aliyeambiwa akubali mapenzi ya Mungu kabla hajaambiwa kuhusu dawa hiyo amedhulumiwa. Atafute dawa kwanza. Mtihani utakaobaki baada ya dawa ndio tuuzungumzie.

Hali ni hiyohiyo kwa mgonjwa wa saratani anayekataa mofini kwa sababu amesikia kwamba ukianzishiwa mofini ndio mwisho wako. Mofini ya maji, ikitolewa na kufuatiliwa ipasavyo, ni tiba ya maumivu, na haimaanishi hukumu yoyote. Mtu anayejinyonganyonga kwa maumivu hana nafasi ya kufikiria maana ya chochote. Mpe dawa, mwache alale usiku mmoja mzima, halafu asubuhi mkae mzungumze.

Baada ya yote hayo, bado kuna yanayobaki. Mguu uliokatwa haurudi, wala mtoto aliyekufa. Figo zilizoshindwa zinamfunga mtu kwenye mashine ya kusafisha damu siku kadhaa kila wiki. Frankl alisema mtu hupata maana kwa njia tatu: kwa kile anachokifanya au kukiumba, kwa wale anaowapenda na uzuri anaoushuhudia, na, njia mbili hizo zikizibwa, kwa namna anavyosimama mbele ya jambo asiloweza kulibadilisha. Hii ya tatu ndiyo iliyompa sifa. Mimi naona tunaikimbilia mno. Wagonjwa wengi waliokata tamaa bado wana njia ya kwanza na ya pili. Sisi tunaowauguza ndio tunaozifunga.

Angalia tunavyouguza. Baba amepata kiharusi, upande mmoja umepooza. Kuanzia siku hiyo hashiki kitu. Chai anakorogewa, simu yake anapokelewa, hela ya ada inazungumzwa sebuleni na yeye yuko chumbani. Wanawe wakigombea mpaka wa shamba wanakwenda kwa mjumbe, wakati aliyeupanda mkonge ule wa mpakani amelala hatua kumi kutoka walipo. Akiuliza anaambiwa, “Wewe pumzika tu, mzee.” Tunadhani tunampenda, na kweli tunampenda, lakini tumemstaafisha kwenye maisha kabla ya siku yake. Baada ya miezi mitatu anakataa kula, tunashangaa.

Hapa tiba ya maana inatufaa hata kabla ya kumfikia mtaalamu. Mgonjwa anahitaji mtu wa kumtegemea yeye kwa jambo fulani, hata dogo. Bibi asiyeweza kusimama jikoni anaweza kukaa mlangoni na kumwambia mjukuu hatua kwa hatua unga wa vitumbua uwe mzito kiasi gani. Fundi cherehani ambaye macho yamepungua nguvu bado vidole vyake vinajua kitambaa kizuri na kibaya. Mjomba anayejua nasaba ya ukoo mpaka kizazi cha sita arekodiwe kwenye simu, aulizwe, akosolewe, abishiwe. Ukimpa mgonjwa kazi ya kuigiza atajua mara moja na atakuchukia. Iwe kazi ambayo usipoifanya yeye, itaharibika.

Katika hospitali moja kubwa ya saratani jijini New York, Memorial Sloan Kettering, Dk. William Breitbart na wenzake waliyachukua mawazo ya Frankl wakayageuza kuwa tiba yenye mpangilio kwa watu wenye saratani iliyofikia hatua za mwisho. Wagonjwa hukutana kwa makundi madogo mara moja kwa wiki, vikao vinane. Huulizwa walikuwa kina nani kabla ya ugonjwa na ni kina nani sasa. Huzungumza kile walichorithi kwa wazazi, kizuri na kibaya, na kile ambacho wangependa kukiacha. Huzungumzia kifo bila kuzunguka. Mwaka 2015 walichapisha matokeo ya wagonjwa 253, nusu yao wakiwa kwenye makundi haya na wengine kwenye makundi ya kawaida ya kufarijiana. Waliopitia tiba ya maana walipata nafuu zaidi katika huzuni, katika kukata tamaa, na hata katika kutamani kifo kije upesi. Nafuu yenyewe ilikuwa ya kiasi, na baadhi ya wagonjwa hawakumaliza vikao kwa kuzidiwa na ugonjwa. Si muujiza. Lakini ona kilichofanyika: walikaa na kuwauliza watu maswali, wakasikiliza majibu.

Kuuliza ndiko kunakoitofautisha tiba hii na mawaidha. Frankl alisimulia habari ya daktari mzee aliyemjia akiwa ameshindwa kuinuka tangu mkewe afariki miaka miwili nyuma. Hakumwambia kila nafsi itaonja mauti. Alimuuliza ingekuwaje kama yeye mume ndiye angetangulia. Mzee akajibu kwamba mkewe angeteseka mno. Frankl akamwonyesha kwamba basi mateso hayo mkewe ameepushwa nayo, na gharama yake ni kwamba yeye ndiye anayebaki na kuomboleza. Mzee alimshika mkono, akaondoka kimya. Mke hakufufuka wala upweke haukuisha. Ila maneno yale yalipita mlango ambao mzee mwenyewe aliufungua, yaani upendo wake kwa mkewe. Maneno hayohayo yakisemwa na jirani siku ya matanga yangekuwa matusi.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mtu anayeteseka hutafuta maana, na asipopata iliyo ya kweli huokota yoyote iliyo karibu. Na iliyo karibu zaidi huwa ni lawama. Mama aliyejifungua mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaambiwa alikiuka mwiko, alimcheka mlemavu akiwa mjamzito, ukoo wake una laana, au amerogwa na wifi. Hayo nayo ni majibu ya swali la “kwa nini”. Yana sababu, yana mkosaji, yanaeleweka, na yanaua. Mama anayabeba miaka ishirini. Ndiyo maana siwaamini wanaogawa maana kwa jumla kitandani: “kila jambo lina sababu yake” haina umbali mrefu na “umefanya nini mpaka yakupate haya?” Sentensi ya kwanza huifungulia mlango ya pili.

Watoto ndio wanaoathirika zaidi na jambo hili. Mtoto mdogo anayeugua muda mrefu mara nyingi huamini kimoyomoyo kwamba anaadhibiwa. Alimpiga mdogo wake, alikula sukari kwa siri, sasa anachomwa sindano. Akikuuliza, “Mama, kwa nini mimi?”, usimpe falsafa. Mwambie hujakosea chochote. Mwambie ugonjwa huu unaitwa hivi, unaingia mwilini hivi, na mimi nipo. Ukiwa hujui kwa nini umempata yeye, sema hujui. Mtoto huvumilia kutojua kwa mama yake kuliko tunavyodhani. Asichovumilia ni kuona uso wa mama unaficha jambo.

Wasomaji wenye imani wataniuliza dini nimeiweka wapi. Nimeiacha mikononi mwa mgonjwa. Frankl naye hakuilazimisha tiba yake iwe na Mungu wala isiwe naye. Alifanya kazi na kile mgonjwa alichokuja nacho. Mgonjwa anayesema mwenyewe kwamba ugonjwa umemsogeza kwa Mola wake amepata maana yake, na haifai mtu yeyote, daktari au nani, kumpokonya. Mgonjwa ambaye amemkasirikia Mungu naye aachwe akasirike mpaka amalize. Akitaka shekhe au padri, aitiwe. Tatizo ni pale sisi wazima tunapoamua kwa niaba yake kwamba ameshapata somo.

Kuna hatari ya mwisho, na hii ni ya kitabibu. Mtu mwenye sonona kali hawezi kuona maana ya kitu chochote kwa sababu ugonjwa wenyewe ndio unaomfunga macho. Ukimwambia atafute maana ya maisha unamwongezea deni juu ya deni: sasa anajiona mgonjwa na tena mzembe. Huyo anahitaji matibabu, na mara nyingi dawa. Mazungumzo ya aina niliyoyaeleza yatakuja baadaye au yataambatana na tiba nyingine, kwa uamuzi wa mtaalamu.

Dalili za kuangalia ni hizi: huzuni, au kutofurahia alichokuwa anakipenda, kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, usingizi kuharibika, kula kupungua au kuzidi, uchovu usioelezeka, kushindwa kutuliza mawazo, kujiona mzigo kwa wengine. Hilo la mzigo lisikupite. Mgonjwa akianza kusema “nawatesa bure” au “mngekuwa na nafuu bila mimi”, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye mtu amethubutu. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za wadudu, vidonge na kamba, na mpeleke siku hiyohiyo.

Pa kwenda papo. Anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya na useme wazi kwamba umekuja kwa afya ya akili, kwa sababu ukisema “anaumwa kichwa” atapewa panadoli. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Wodini, muulize muuguzi kama kuna ofisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha. Wagonjwa wengi hulazwa mwezi mzima bila kujua kwamba mtu huyo yupo kwenye jengo hilohilo. Na kama ni mgonjwa wa saratani, uliza huduma ya tiba shufaa, maana hao ndio wenye mofini, na aghalabu ndio watakaokaa chini wamuulize mgonjwa wako kabla ya ugonjwa huu watu walikuwa wakimwita nani.